Ulanzi wa Babu, Meza ya Bwana

Kengele ya kanisa la kijijini kwetu ilikuwa rimu ya lori, iliyoning'inizwa kwa waya kwenye mkaratusi na kugongwa kwa kipande cha nondo. Nasema kwetu, ingawa nilizaliwa Uyole, Mbeya, na kukua nikisikia honi za malori yanayokwenda Tunduma. Kilolo nilipelekwa nikiwa na miaka kumi na tatu, mama alipolazwa kwa muda mrefu na baba akaona hawezi kuendesha lori na kunipikia kwa wakati mmoja. Nilifika kwa bibi mzaa mama wakati wa masika. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ng'ombe wa jirani alisikika akitafuna kabla hajaonekana, na hewa yote ilinuka misonobari iliyolowa na moshi wa kuni mbichi. Katika ukungu huo rimu ililia. Ikigongwa harakaharaka, ni ibada. Likija pigo moja, kimya kirefu, kisha pigo lingine, mtu amekufa, na kila aliyekuwa shambani alisimama wima na jembe lake mpaka mgongaji amalize. Walisimama hata waliokuwa na ugomvi na marehemu. Nilipoendelea kupalilia siku ya kwanza, Bibi alinishika mkono. "Simama," aliniambia. "Ukiendelea kulima ni kama unamwambia aondoke upesi, umechoka naye."

Bibi alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na aliniita mke mwenza. Ndivyo bibi wanavyotania wajukuu wao wa kike: babu ni mume wetu sote wawili, basi tugombanie. Babu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, lakini utani haukusimama kwa sababu hiyo. "Mke mwenza, amka, mume wetu hapendi mwanamke mvivu." "Mke mwenza, ugali huu ungempikia mume wetu, angekurudisha Mbeya kwa miguu." Nyuma ya nyumba alikuwa na mianzi, na mvua zilipokolea alikuwa akigema ulanzi mwenyewe, kazi ambayo wanaume wa pale waliiona ni yao. Asubuhi na jioni alikata ncha ya chipukizi kwa kisu kikali, kipande chembamba kama ukucha, kisha akalikinga kwa mbeta, kopo refu la pingili ya mwanzi, ambamo utomvu ulidondoka taratibu. Ulanzi wa asubuhi ulikuwa mtamu, hata sisi watoto tuliunywa. Ukilala, unachachuka na kuwa kilevi. Harufu yake, tamu na chachu kwa pamoja, ilikaa kwenye nguo zangu, kwenye nywele, hata kwenye madaftari.

Kila mwaka, mbeta ya kwanza kabisa haikunywewa na mtu aliye hai. Bibi aliibeba mpaka kwenye kaburi la Babu, pale pale pembeni ya shamba la mahindi, akachuchumaa, akamsalimia, "Kamwene," kama anavyosalimiwa mtu yeyote wa pale, akamwagia ardhini kidogo kidogo huku akimpa habari: nani ameoa, nani ameuza ng'ombe, nani amekuwa mlevi kuliko yeye. Mwaka ule aliongeza habari yangu. "Huyu ndiye mke wako mdogo. Mnyakyusa nusu, lakini tumemkubali." Halafu akasali sala ya Baba Yetu, yote, mpaka amina, tukarudi kuchuma mboga. Sikuona kitu cha ajabu hapo. Nilikuwa nimeona watu wakiongea na simu zisizo na chaji.

Jumapili ndipo nilipoona la ajabu. Bibi, ambaye kila siku alikuwa wa mbele kwa kila kitu, kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, pamoja na wasichana waliozaa kabla ya ndoa na mzee mmoja aliyekuwa na wake wawili. Watu walipoinuka kwenda mezani kula mkate na kunywa kikombe, benchi lile halikuinuka. Nilimuuliza tukiwa njiani, akajibu kama mtu anayetaja bei ya chumvi: baraza la wazee wa kanisa lilimwondoa kwenye meza ya Bwana muda mrefu uliopita, kwa sababu ya ile mbeta ya kwanza. Ili arudi, alitakiwa asimame mbele ya usharika wote aseme ametubu. "Sasa nitubu nini?" alisema. "Nitubu kwamba namkumbuka? Nikisimama pale niseme najuta, nitakuwa nadanganya kanisani. Hiyo si dhambi?" Mzee wa kanisa aliyesimamia mambo hayo alikuwa Mzee Danieli, jirani yetu, mtu mwenye kitambi na kicheko, ambaye karibu kila jioni alikuja kukaa kwenye kigoda chetu na kunywa ulanzi wa Bibi. Aliunywa kwa kopo la bati, akilamba masharubu, akinitania, "Wewe Mnyakyusa, ndizi zimeisha kwenu ndiyo umekuja kumaliza viazi vyetu?" Bibi alimmiminia na kumcheka, na sikuwahi kumsikia akimkumbusha habari ya benchi.

Ningekuwa nimezoea, kama walivyozoea wote, kama si Mchungaji Ezekia. Alikuwa mgeni kidogo pale, mwenye miwani na sweta la kijani lililotoboka kiwiko, na alikuja na sifa ya kuwa mchungaji wa mawazo mapya. Sifa hiyo aliistahili, na nitampa, maana hasira yangu haina haja ya uongo. Darasa letu la kipaimara halikufanana na lolote nililowahi kulisikia. Wenzetu wa sharika nyingine walikariri mafundisho mpaka sauti zikakauka. Yeye alituambia, "Sitaki mkariri. Nataka mkue." Alitupeleka kukaa kimya msituni, kila mtu chini ya msonobari wake, turudi tukasimulie tulichosikia, na aliyesema hakusikia kitu alisifiwa kwa ukweli wake. Alitupeleka dukani kwa mzee mmoja Mwislamu, atueleze kwa mdomo wake mwenyewe kwa nini anafunga, na yule mzee alifurahi akatugawia pipi. Tuliuliza kama Mungu anazeeka. Tuliuliza kama mbwa wana roho. Kila swali alilipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea yai, akasema, "Swali zuri!" Na kila mara alirudia neno ambalo leo sitaki kulisikia: kukua kiroho. Nilimpenda mtu yule. Niliporudi nyumbani nilitembea kama yeye, mikono nyuma.

Usharika wetu ulikuwa na desturi aliyoianzisha yeye, na watu walijivunia kwa majirani. Kwingine, kabla ya kipaimara, watoto husimamishwa mbele na wazee huwauliza maswali kupima kama wameiva. Kwetu ilikuwa kinyume. Jumapili ya Matawi watoto ndio waliouliza, swali moja kila mmoja, na wazee wa kanisa, waliokaa mbele kwenye viti wakitazamana na watu, walitakiwa kujibu. Waliruhusiwa hata kusema hawajui. Mchungaji alisimama katikati akifungua kwa maneno yale yale: katika nyumba hii hakuna swali linalofungiwa nje. Mwaka wetu, wenzangu waliuliza mambo ya Nuhu na mamba, na kama mbinguni kuna viazi. Watu walicheka vizuri. Zamu yangu ilipofika, swali nilikuwa nimelifanyia mazoezi shambani mpaka lilitoka lenyewe.

"Mzee Danieli anakunywa ulanzi wa bibi yangu, na mezani anakula," nilisema. "Babu naye anapewa ulanzi ule ule, kutoka mwanzi ule ule, na bibi yangu anatolewa mezani. Sasa naomba kujua, dhambi iko kwenye ulanzi, au iko kwenye kiu ya babu?"

Kwanza kilikuwa kicheko, kikubwa, mpaka kwaya ikainama. Mama mmoja alipiga kigelegele. Mzee Danieli mwenyewe alicheka, kisha akagundua ni yeye, akaacha. Nyuma kabisa nilimwona Bibi ameshika mdomo kwa upande wa khanga, mabega yakitikisika. Halafu kicheko kikaisha na swali likabaki limesimama pale peke yake. Wazee walitazamana. Mmoja alisema mila ni mila na imani ni imani, akakaa. Mzee Danieli alisema mtoto anayelelewa na bibi hana adabu, na hakukuwa na aliyecheka. Nilimgeukia Mchungaji Ezekia, kwa uhakika kabisa kwamba sasa ndiyo wakati wake. Aliondoa miwani, akaifuta kwa sweta, akanitazama kwa mapenzi ya kweli. "Swali zuri," alisema. "Swali zuri sana. Hebu tulitafakari sote." Akamwita mtoto aliyefuata.

Juma lile darasani alizungumzia meza. Nakumbuka maneno yote, kwa sababu niliyabeba mpaka nyumbani kama maji kwenye viganja. Alisema meza ile si yake, wala si ya wazee, ni ya Bwana mwenyewe, na anayekuja kwa njaa haulizwi ametoka wapi. Alisema akinitazama mimi. Mtoto yeyote mwenye akili angeelewa nilivyoelewa. Nilikimbia mteremko wote, nikamkuta Bibi anamenya viazi, nikampa maneno yale yalivyo. Akaweka kisu chini. Kisha akauliza, "Amesema haulizwi?" Nikasema ndiyo. "Kwa mdomo wake?" Ndiyo. Akaendelea kumenya, maganda yakitoka membamba kuliko kawaida. Jumamosi alifua kitenge chake cha Pasaka, akakianika mahali ambapo watu wote wanaopita barabarani wangekiona.

Utaratibu wa Pasaka kwetu ulikuwa kwamba wenye kipaimara wapige magoti kwanza mbele ya madhabahu, na mtu mmoja wa nyumbani apige goti pembeni ya kila mmoja, ili meza ya kwanza ya mtoto isiwe ya upweke. Nilipiga magoti nikiwa na gauni jeupe la kuazima. Nilisikia nyuma yangu hatua za Bibi zikitoka benchi la mwisho, zikipita katikati ya kanisa lote. Wimbo ulififia mdomoni mwa watu. Akapiga goti pembeni yangu, goti likalia, akanong'ona, "Mke mwenza, sogea, mnene wewe." Nilitaka kucheka na kulia. Mchungaji alikuja na sahani ya mkate akiwa na joho jeupe, nyuma yake Mzee Danieli amebeba kikombe. Alinipa mimi. Akafika kwa Bibi. Bibi alikuwa ameweka viganja vyake wazi, kimoja juu ya kingine, vyeusi kwenye mistari kwa utomvu wa mianzi usiotoka hata kwa sabuni. Mzee Danieli alikohoa. "Mchungaji," alisema, neno hilo tu. Na mkono wa Mchungaji, uliokuwa umeshashika mkate, ukaurudisha kwenye sahani, ukainuka, ukatua juu ya kichwa cha Bibi. Alimbariki. Alimwekea mkono kichwani, kama wanavyowekewa watoto wachanga wanaoletwa mbele migongoni mwa mama zao, wasiojua bado mkate ni nini.

Bibi alibaki na viganja wazi mpaka baraka ilipokwisha. Kisha akainuka kwa kushika bega langu. "Mimi si mtoto, Mchungaji," alisema, kwa ile sauti kubwa kuliko mwili, na akatoka, hakusimama benchi la mwisho, alipitiliza mlango. Mkate wangu ulikuwa bado mdomoni. Sijawahi kumeza kitu kigumu kama kile.

Jumatatu Mchungaji alikuja nyumbani. Ni vibaya zaidi kwamba alikuja, maana mtu mbaya asingekuja. Alikaa kwenye kigoda cha Mzee Danieli, akakataa ulanzi, akakubali chai. Akaeleza kwamba kanisa lina taratibu, kwamba baraza halijakaa, kwamba akifungua mlango kwa nguvu utavunjika na wote watakosa. "Lakini mama, uniamini, roho yangu ilikuwa na wewe pale."

"Roho yako ilikuwa na mimi," Bibi alisema. "Mkono wako ulikuwa na nani?"

Mchungaji aliweka kikombe chini. Aliniangalia, akaniambia swali langu bado liko hai, wanalitafakari. Bibi alichukua kisu chake kwenye ukingo wa paa. "Tafakarini basi," alisema. "Mimi naenda kugema, jua linazama." Tukaachwa wawili, mchungaji na mimi, na chai yake ikapoa ikaota utando.

Nimesoma sana tangu wakati ule. Chuo kikuu nilikutana na watu wanaodhani adui wa akili ni wale wahubiri wa maspika makubwa, wanaouza mafuta na kukemea mapepo stendi ya Mbeya. Hao siwapendi, lakini hawajawahi kunidanganya, kwa sababu hawajawahi kuniahidi kitu ninachokithamini. Mhubiri wa aina ile angemtoa Bibi nje siku ya kwanza na kila mtu angejua amesimama wapi. Aliyeniumiza ni yule aliyenifundisha kuuliza. Alitukuza sisi watoto, kweli tulikua, tukarefuka ndani mpaka tukagonga dari, na hapo ndipo tulipogundua kwamba nyumba yenyewe haikuwa na mpango wa kukua hata inchi moja. Maswali yetu yalikuwa mapambo. Usharika uliyavaa Jumapili ya Matawi ili upendeze mbele ya majirani, kisha ukayavua ukakunja. Kila mtu aliondoka akiwa amejifunza kuwa kuuliza ni kuzuri, na benchi la mwisho lilibaki limejaa kama mwanzo. Nikisikia leo mtu anasema imani yake ina nafasi ya mashaka, swali langu ni moja tu: nafasi hiyo ina kiti cha nani?

Bibi alikufa nikiwa mwaka wa pili chuoni, masika pia. Nilifika Kilolo nikiwa na matope mpaka magotini. Kwa kuwa hakuwahi kusimama kutubu, rimu haikugongwa. Mkaratusi ulikuwa pale, rimu ilikuwa pale, nondo ilikuwa imeegemea shina, na watu wa mashamba ya mbali waliendelea kulima kwa sababu hakuna aliyewaambia wasimame. Mzee Danieli alilia kama mtoto, ameketi kwenye kigoda chake kile kile. Mchungaji Ezekia alikuja bila joho. Alivaa sweta, akasimama nyuma kabisa, akatupa udongo wake kama jirani yeyote. Watu walinong'ona kwamba amefanya jambo la ujasiri. Mjomba wangu ndiye aliyesali. Mbeta ya kwanza ya mwaka ule niliimwaga mimi kwenye makaburi mawili, bila habari za kuwapa.

Sasa naishi Uyole tena, chumba cha kupanga karibu na barabara kuu. Mwezi uliopita rafiki yangu alinivuta kwenye semina ya kanisa la mjini, ukumbi wenye feni na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa. Mada iliandikwa kwenye bango: jinsi ya kulea ukuaji wa kiroho kwa vijana wanaouliza. Mgeni wa heshima alikuwa Mchungaji Ezekia, mvi kichwani, miwani minene zaidi, sauti ile ile. Alizungumza vizuri. Alisimulia habari za kukaa kimya msituni na za mzee Mwislamu mwenye pipi. Kisha akasimulia habari ya bibi mmoja wa Kilolo, mgema ulanzi, na mjukuu wake aliyeuliza swali kuhusu kiu ya babu. Ukumbi ulicheka pale pale tulipocheka sisi. Alisema swali lile limetembea naye maisha yake yote, limemkuza, limemfanya mchungaji bora. Alisema bibi yule alikuwa mwalimu wake. Akafuta miwani. Dada aliyekuwa mbele yangu alifuta macho.

Walipokaribisha maswali nilisimama. Hakunitambua, nimekuwa mrefu na nimenyoa nywele.

"Mchungaji, shikamoo. Yule bibi, alikula?"

"Marahaba. Swali zuri sana hilo, dada," alisema, akitabasamu kuelekea ukumbini. "Unajua, kuna kula kwa namna nyingi. Ni swali la kutafakari."

"Si la kutafakari. Ni la ndiyo au hapana."

Akanitazama. Sijui kama ni sauti, sijui kama ni Bibi aliyemwona usoni mwangu, lakini tabasamu lilishuka na mkono wake ukashika ukingo wa meza.

"Hapana," alisema. "Hakula."

Na ukumbi ukapiga makofi. Walisimama kabisa, wakimpigia makofi kwa ukweli wake, kwa unyenyekevu wake, na aliyekuwa anaendesha semina akasema kwa kipaza sauti kwamba hapo ndipo tunapoona maana ya kukua. Nilichukua mkoba wangu nikapita katikati ya viti.

Nje jua lilikuwa kali na lami ilinuka mafuta. Upande wa pili, kwenye banda la kuziba pancha, fundi alikuwa amelaza gurudumu la lori, amelitoa tairi, anagonga rimu iliyopinda kwa nyundo. Alipiga mara moja, akainama kuangalia, akapiga tena, akainama. Pigo, kimya kirefu, pigo. Wauza viazi waliendelea kupanga madebe yao, abiria waliendelea kukimbilia magari. Niliweka mkoba chini, nikasimama wima ukingoni mwa barabara, malori yakinipita na vumbi lao, mpaka fundi alipomaliza.